Je, Wajua? Leseni Huria Humpa Haki Hata Hasimu

Ukimwuliza mtu programu huria ni nini, mara nyingi atakujibu kwamba ni programu ya bure, au ni ile ambayo msimbo wake uko mtandaoni na kila mtu anauona. Majibu yote mawili yana pengo. Simu yako imejaa programu za bure ambazo hujui ndani mna nini, na zipo kampuni zinazouanika msimbo wao hadharani huku zikikukataza kuutumia. Kinachoamua ni leseni, yaani maneno aliyoyaandika mwenye kazi kueleza wengine wanaruhusiwa kuifanyia nini. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ndipo ulipo mtihani wa leseni hizi: ni huria pale tu zinapompa haki zilezile hata mtu ambaye mwandishi wa programu hampendi. Haya hapa mambo ambayo huenda hukuyajua.

Kimya maana yake ni "hapana"

Kijana ameandika programu nzuri ya hesabu za SACCOS, akaiweka kwenye tovuti ya GitHub kwa moyo mweupe, akasahau kuambatisha leseni. Je, wajua kuwa kisheria hakuna anayeruhusiwa kuichukua, kuibadilisha na kuisambaza? Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao Kenya na Tanzania nazo ni wanachama, hakimiliki huanza pale pale kazi inapoandikwa. Hakuna kusajili, hakuna kulipia, wala hakuna ulazima wa kuweka alama ya ©. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya 1999 na ile ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 zote zinazilinda programu za kompyuta pamoja na maandishi mengine. Kwa hiyo yule kijana, kwa kunyamaza tu, amewaonyesha watu kazi yake lakini hajawapa.

Jina lina tarehe ya kuzaliwa, ila halina mwenyewe

Januari 1998 kampuni ya Netscape ilitangaza kwamba itautoa hadharani msimbo wa kivinjari chake, kilichokuwa kikibanwa sokoni na kile cha Microsoft. Siku chache baadaye, Februari 3, watu wachache walikutana Palo Alto, California, kutafuta namna ya kuieleza fikra hiyo kwa wafanyabiashara. Christine Peterson ndiye aliyependekeza jina la "open source". Mwezi huohuo Eric Raymond na Bruce Perens wakaanzisha taasisi ya kulisimamia, Open Source Initiative, inayojulikana kwa kifupi kama OSI.

Taasisi hiyo ilijaribu kulisajili jina liwe alama ya biashara ili asiyestahili asilitumie. Ikashindikana, kwa kuwa maneno yenyewe yanaeleza kitu kwa ujumla mno. Ndiyo maana leo kampuni yoyote inaweza kujiita huria bila kuwa huria, na hakuna askari wa kuikamata. Kinachobaki ni orodha ya OSI yenye leseni zaidi ya mia moja zilizopita kwenye chujio, pamoja na kelele za watengeneza programu wanapohisi wamedanganywa.

Chujio lina vipimo kumi

Karibu vipimo vyote hivyo havikubuniwa upya mwaka 1998. Perens alikuwa amekwisha kuviandaa 1997 pamoja na wenzake wa Debian, watu wa kujitolea wanaounda mfumo endeshi wa jina hilo, ili wajue programu ipi waiingize na ipi waiache nje. OSI ilivichukua na kuviondolea jina la Debian.

Kwa ufupi, leseni huria inamruhusu yeyote kuisambaza programu, kwa bei au bure. Msimbo chanzo lazima upatikane, tena katika hali ambayo mtu wa kazi anaweza kuufanyia kazi. Kuuvuruga makusudi ili usisomeke ni kosa. Lazima iruhusu kubadilisha na kusambaza yaliyobadilishwa. Mwandishi anaweza kulinda jina lake na uasili wa kazi yake. Haibagui mtu wala kundi. Haibagui shughuli. Haki zinakwenda na programu popote iendapo, bila kudai saini nyingine. Haifungwi kwenye bidhaa moja. Haizichagulii masharti programu nyingine zinazosafiri nayo kwenye diski moja. Na haitegemei teknolojia fulani, kwa mfano kumlazimisha mtu abofye kitufe cha "Nakubali".

Viwili vya katikati, vya kutobagua mtu na kutobagua shughuli, ndivyo vinavyoangusha leseni nyingi.

Polisi wa Afrika Kusini waliwahi kupigwa marufuku na leseni

Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ndicho kilichozaa SPICE, programu ambayo wahandisi wa umeme duniani kote wameitumia kupima saketi kabla ya kuzitengeneza. Wakati wa utawala wa makaburu, leseni yake moja ilikataza programu hiyo isitumiwe na polisi wa Afrika Kusini.

Nani angewatetea polisi wale? Lakini ubaguzi ulianguka, Mandela akaapishwa 1994, na sharti likabaki limeandikwa vilevile kwa waliokuwa na nakala zenye leseni ile. Kwa maandishi yake, marufuku iliyoandikwa dhidi ya polisi wa makaburu iliwafikia pia polisi wa serikali iliyochaguliwa na wananchi wote. Perens aliutumia mfano huu 1999 kueleza kwa nini kipimo cha tano kinakataza ubaguzi hata ule wenye nia njema. Siasa hubadilika, lakini leseni haijui habari hizo. Inabaki kusema ilichosema siku ilipoandikwa.

Sharti la kutenda wema liliikera IBM

Douglas Crockford, mtu aliyeueneza muundo wa data wa JSON, alichukua leseni fupi inayokubalika kila mahali akaiongezea sentensi moja: programu itumiwe kwa wema, isitumiwe kwa uovu. Nusu utani, nusu kweli. Wanasheria hawakucheka. Uovu ni nini, na nani ataupima? Kiwanda cha silaha ni uovu? Kiwanda cha pombe je? Debian waliikataa, na mwaka 2016 taasisi ya Apache nayo ikaiweka kwenye orodha ya leseni zisizoruhusiwa katika miradi yake.

Crockford mwenyewe amesimulia kwamba wanasheria wa IBM walimwandikia wakisema wao hawana mpango wa kutenda uovu, ila hawawezi kuwajibia wateja wao. Akawajibu kwa barua ya kuwaruhusu IBM, wateja wao, washirika wao na vibaraka wao kuitumia kwa uovu. Wakashukuru.

Wengine wamejaribu jambo hilohilo kwa dhati. Mwaka 2019 Coraline Ada Ehmke aliandika leseni ya Hippocratic, inayokataza programu isitumike kuvunja haki za binadamu. Nia yake haikudharauliwa, lakini OSI ilisema wazi kwamba leseni ya namna hiyo si huria, kwa kuwa inabagua shughuli.

Ombi si sharti, na shahidi yuko Uganda

Fungua Vim, kihariri cha maandishi kinachopendwa na watengeneza programu tangu 1991, bila kukipa faili lolote. Katikati ya kioo, chini ya jina na toleo, mara nyingi utakuta mstari unaokuomba uwasaidie watoto maskini wa Uganda.

Mwandishi wake, Mholanzi Bram Moolenaar, aliyefariki Agosti 2023, alifanya kazi mwaka 1994 katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda karibu na mpaka wa Tanzania. Alikuwa mhandisi wa maji na usafi wa mazingira. Eneo hilo la Rakai lilikuwa limepigwa vibaya na UKIMWI, na watoto wengi walibaki bila wazazi. Aliporudi kwao alianzisha mfuko wa kukisaidia kituo, na Vim ikawa ndiyo sauti yake.

Sasa tazama maneno yalivyopangwa. Leseni ya Vim inakuhimiza utoe mchango, haikulazimishi. Usipotoa hata senti, haki zako za kuitumia, kuinakili na kuibadilisha haziguswi. Ndiyo maana taasisi ya Free Software Foundation inaihesabu kuwa ni programu huru. Kama Moolenaar angeandika "toa kwanza ndipo utumie", Vim ingetoka nje ya mstari, hata kama fedha yote ingekwenda kwa yatima.

Leseni fupi kuliko barua ya kuomba ruhusa kazini

Leseni ya MIT haifiki maneno mia mbili, na ni miongoni mwa zinazotumika zaidi duniani. Ukiisoma kwa utulivu utaona ina viungo vitatu tu. Cha kwanza ni ruhusa: yeyote aliyepata nakala anaweza kuitumia, kuinakili, kuibadilisha, kuiunganisha na nyingine, kuichapisha, kuisambaza na kuiuza. Cha pili ni sharti, nalo ni moja: tangazo la hakimiliki na leseni yenyewe visiondolewe kwenye nakala. Cha tatu kimeandikwa kwa herufi kubwa tupu, na kinakwambia kwamba programu unapewa kama ilivyo. Ikikuharibia kazi, usimtafute mwandishi.

Kinyume chake, leseni ya GPL toleo la tatu, ya 2007, ina maneno zaidi ya elfu tano. Zote mbili zimepita kwenye chujio lilelile. Urefu si hoja.

Printa iliyogoma ilizaa leseni

Karibu mwaka 1980, maabara ya akili bandia ya chuo cha MIT, Marekani, ilipewa printa mpya ya leza na kampuni ya Xerox. Printa ya zamani ilipokwamisha karatasi, iliwatumia ujumbe waliokuwa wakisubiri kazi zao, kwa sababu Richard Stallman alikuwa ameuchezea msimbo wake. Ile mpya ilikuja bila msimbo chanzo. Stallman alimwendea mtafiti wa Carnegie Mellon aliyekuwa nao, akanyimwa. Mwenzake alikuwa amesaini ahadi ya siri.

Septemba 1983 Stallman akatangaza mradi wa GNU, na 1989 akatoa leseni ya GPL. Ujanja wake ni kuitumia hakimiliki kinyume na kawaida yake. Unaruhusiwa kufanya kila kitu, lakini ukiisambaza programu uliyoibadilisha, aliyeipokea kwako naye awe na haki zilezile ulizozipata wewe, pamoja na msimbo. Haki inarithishwa. Huwezi kula peke yako ukafunga mlango.

Linux haikuanza ikiwa huria

Linus Torvalds alipoitoa Linux mara ya kwanza 1991, aliiwekea leseni yake mwenyewe iliyokataza mtu kutoza fedha anapoisambaza. Msimbo ulionekana, kubadilisha kuliruhusiwa, lakini anayeuza diski hakuwa na nafasi. Kwa vipimo vya leo ingeanguka kipimo cha kwanza. Watu waliotaka kurudisha gharama za diski walimsihi, na mwanzoni mwa 1992 alitangaza kuihamishia kwenye GPL. Baadaye alisema ni miongoni mwa maamuzi bora aliyowahi kufanya. Leo Linux imo ndani ya kila simu ya Android.

Ruta ya nyumbani ilimfichua tajiri

Mwaka 2003 watengeneza programu walichungua ruta ya Linksys WRT54G, ile ya buluu na nyeusi, wakagundua inaendeshwa na Linux bila msimbo wake kutolewa kama GPL inavyodai. Wakati huo Cisco ilikuwa ndiyo kwanza inainunua Linksys. Baada ya vuta nikuvute, msimbo ukatolewa. Mwaka uliofuata ukazaa OpenWrt, mfumo ambao hadi leo mafundi huupakia kwenye ruta za aina nyingi kuzipa uwezo ambao kiwanda hakikuzipa.

Kuuza ni ruksa

Stallman mwenyewe, mtetezi mkubwa wa programu huru, aliishi kwa kuuza. Mwaka 1985 alikuwa akiuza kanda zenye kihariri chake cha Emacs kwa dola 150. Mnunuzi alikuwa huru kuinakili na kuwagawia marafiki zake wote, lakini asiyekuwa na njia nyingine ya kuipata aliona heri kulipa. Mwaka 2019 IBM ilikamilisha kuinunua Red Hat, kampuni iliyojengwa juu ya programu huria, kwa dola bilioni 34.

Kipo kioja kwenye fonti. Leseni ya SIL Open Font inakataza kuuza fonti ikiwa peke yake, lakini inaruhusu kuiuza ikiwa imefungashwa na programu yoyote, hata iwe ndogo namna gani. OSI iliipitisha, kwa kuwa kipimo cha kwanza kinazungumzia hasa kuuza programu ikiwa ndani ya mkusanyiko.

Kampuni zinalipia leseni ya kitu kisicho na mwenyewe

SQLite ni hifadhidata ndogo iliyomo ndani ya simu za Android na iPhone, vivinjari na vyombo vingine visivyohesabika. Mwanzilishi wake, D. Richard Hipp, hakuiwekea leseni. Aliiachia iwe mali ya umma, na mahali ambapo wengine huweka vitisho vya kisheria, yeye aliweka dua inayomtakia msomaji atende mema, asamehe na asamehewe, atoe bila kuchukua zaidi ya anachotoa.

Baadhi ya wanasheria wa kampuni hawalali wakiona hakuna karatasi. Kwa ajili yao kampuni ya Hipp inauza hati inayothibitisha kwamba wana haki ya kutumia kitu ambacho kila mtu ana haki ya kukitumia. Tena, SQLite haipokei msimbo kutoka kwa watu wa nje hivihivi. Uhuria unahusu haki ulizonazo juu ya programu. Haumlazimishi mwenye mradi kupokea mchango wako.

Kiunganishi kimoja kilizua mzozo

Pine ilikuwa programu maarufu ya barua pepe kutoka Chuo Kikuu cha Washington. Leseni yake ya awali iliruhusu "kubadilisha na kusambaza". Baadaye chuo kikadai kwamba hilo halimaanishi kusambaza kilichobadilishwa: unaweza kubadilisha nakala yako ukakaa nayo, na unaweza kusambaza ile ya asili, basi. Watu wakaikimbia. Mrithi wake, Alpine, aliletwa na leseni ya Apache, ambayo haiachi mwanya wa tafsiri kama hiyo.

Firefox iliwahi kubadilishwa jina

Leseni huria inampa mtu msimbo, lakini jina na nembo ni suala jingine. Mwaka 2006 Mozilla iliwaambia Debian kwamba kama wanakirekebisha kivinjari chake cha Firefox kwa namna yao, wasitumie jina hilo bila idhini. Debian wakakibandika kivinjari kilekile jina la Iceweasel, na kwa miaka kumi watumiaji wao wakakifungua kwa jina hilo, hadi pande mbili zilipoelewana 2016. Hakuna kipimo kilichovunjwa; cha nne kinamruhusu mwandishi kudai toleo lililobadilishwa liwe na jina tofauti.

Treni za kuchezea ziliamua kesi kubwa

Kwa miaka mingi watu walijiuliza: mwandishi akivunjiwa masharti ya leseni ambayo hakulipwa hata senti, mahakama itamsikiliza? Jibu la Marekani lilikuja Agosti 2008 katika kesi ya Jacobsen dhidi ya Katzer. Robert Jacobsen, mwanafizikia, alikuwa akiongoza mradi huria wa programu ya kuendesha treni ndogo za kuchezea. Katzer, mfanyabiashara, alichukua sehemu yake akaondoa majina ya waandishi. Mahakama ya rufaa ilisema masharti ya leseni kama hiyo yana nguvu ya hakimiliki hata kama fedha haikupita, kwa sababu mwandishi ana faida nyingine anazozitafuta. Ujerumani ilikuwa imetangulia: mahakama ya Munich iliitetea GPL mwaka 2004.

Aliyeiita saratani aliomba cheti

Mwaka 2001 Steve Ballmer, mkuu wa Microsoft, aliifananisha Linux na saratani kwa jinsi leseni yake inavyorithishana. Mwaka 2007 Microsoft hiyohiyo ilipeleka leseni zake mbili OSI, zikapimwa na kupitishwa. Wapo waliotaka zikataliwe kwa sababu ya mwombaji. Lakini kinachopimwa ni maandishi ya leseni, na maandishi yalikidhi. Kanuni ya kutobagua iliwageukia wenyewe walioitunga, wakaifuata.

Vita vya wingu vimewatoa wengi kundini

Fikiria umeandika hifadhidata, ukaitoa kwa leseni huria, kisha kampuni kubwa yenye maghala ya seva ikaichukua na kuikodisha kwa maelfu ya wateja bila kukupa kitu. Halali kabisa, na inauma. Oktoba 2018 MongoDB ilijibu kwa leseni mpya, SSPL, inayosema anayeuza programu kama huduma atoe pia msimbo wa mitambo yote inayoiendesha huduma hiyo. Iliombewa kibali OSI, kisha ombi likaondolewa 2019. Mwaka 2021 OSI ikatamka wazi kwamba SSPL si leseni huria, kwa kuwa imelenga shughuli moja.

Kampuni ya Elastic ilifuata njia hiyo Januari 2021. Amazon ikauchukua msimbo wa mwisho uliokuwa chini ya leseni ya Apache, ikaanzisha OpenSearch. Kampuni ya HashiCorp ikabadili leseni ya programu yake ya Terraform Agosti 2023, na kwenye msimbo wa zamani ikazaliwa OpenTofu. Redis nayo ikabadili Machi 2024, ikazaliwa Valkey kwa namna hiyohiyo. Hapa ndipo uzuri wa leseni huria unapoonekana: haki iliyokwisha kutolewa juu ya toleo fulani hairudishwi mfukoni. Mwenye mradi anaweza kufunga mlango wa kesho, ila wa jana umebaki wazi. Na wawili wamerudi: Elastic mwaka 2024 na Redis 2025 waliongeza leseni ya AGPL, ambayo OSI inaitambua.

Ipo leseni inayoiva kwa miaka

HashiCorp ilichagua leseni ya BSL, iliyoanzia kampuni ya MariaDB. Msimbo unauona tangu siku ya kwanza, lakini matumizi ya kibiashara yana mipaka; ikifika tarehe iliyotajwa, ambayo haizidi miaka minne, toleo lile linageuka kuwa huria lenyewe. Kabla ya tarehe hiyo halihesabiki.

Kiswahili kiliingia kompyutani bila kuomba ruhusa

Mwishoni mwa 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini zenye menyu za Kiswahili. Hawakusubiri kampuni ipige hesabu kama soko la Kiswahili lina faida. Leseni ya OpenOffice iliruhusu kubadilisha na kusambaza, nao wakabadilisha na kusambaza.

Haki hiyohiyo imetumika kutoka kwetu kwenda nje. Ushahidi, iliyoandikwa Kenya Januari 2008 ili wananchi waripoti ghasia za baada ya uchaguzi, ilitumika Haiti baada ya tetemeko la 2010. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa ulioanza 2004 kwa ajili ya kliniki za UKIMWI za Eldoret, umesambaa nchi nyingi chini ya leseni ya Mozilla.

Akili bandia imelifufua swali

Meta ilipoitoa modeli yake ya akili bandia, Llama 2, Julai 2023 iliiita huria. Leseni yake ilisema kampuni ambayo tayari ina watumiaji zaidi ya milioni 700 kwa mwezi iombe kibali maalumu, tena ikaorodhesha matumizi yaliyokatazwa. OSI ikasema hapana: umebagua watu, umebagua shughuli. Oktoba 2024 taasisi hiyo ilitoa vipimo maalumu vya akili bandia, vinavyodai msimbo, namba zilizofunzwa, na maelezo ya kutosha kuhusu data iliyotumika. Wapo wanaoona vimelegea kwa kutodai data yenyewe, na mjadala haujaisha.

Ushahidi uko mfukoni mwako

Kwenye simu nyingi za Android, ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, kisha Maelezo ya kisheria, utafute leseni za watu wengine. Njia hutofautiana kidogo kati ya Tecno na Samsung. Itafunguka orodha ndefu isiyoisha kwa kidole: GPL, Apache, MIT, BSD. Kampuni haikuiweka kwa hisani. Ni lile sharti moja la kutoondoa tangazo la mwandishi, likitimizwa.

Ukitaka kuipima mwenyewe

Usiishie kwenye neno "huria" lililoandikwa juu ya tovuti. Fungua faili la leseni ujiulize: msimbo ninaoupata ndio huohuo wanaoufanyia kazi wao? Naweza kuubadilisha na kumpa mwingine kilichobadilishwa? Naweza kuuza? Mshindani wao mkubwa anaweza kufanya haya yote bila kuwapigia simu? Ukikuta "hapana" hata moja, hiyo yaweza kuwa programu nzuri, ya bure, hata yenye manufaa makubwa, lakini huria siyo.